Programu ya kwanza ilifika namna gani?

Katika mwaka 1977, Ward Christensen wa Chicago alitunga XMODEM, programu ya kupitisha mafaili kwa simu kati ya kompyuta mbili. Ilikata faili vipande vya alama 128. Kipande kilichoharibika njiani kilitumwa tena. Hakudai feza.

Lakini, ndugu wasomaji, tuulize: asiye nayo ataipokeaje kwa simu? Ndipo ugumu ulipokaa. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilichoanza Kermit katika 1981 (jina la chura wa televisheni!), kilituma programu kwa posta, juu ya utepe, kikidai gharama ya kunakili. Wengine walipiga kwa vidole, herufi kwa herufi, programu fupi ya kuanzia. Tena wengi, tunavyoona, walinakiliwa diski na rafiki.