Kufa, Kufisha na Kuua: Historia ya Msamiati wa Kifo na Suala la Kusaidiwa Kufa

Mjadala kuhusu mgonjwa asiyetarajiwa kupona kusaidiwa kufa umewafikia wasemaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Sheria zilizoruhusu tendo hilo zilitungwa kwingine: katika jimbo la Oregon, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Habari zake zilipotafsiriwa zilikuja na jina lililokwisha kutengenezwa, nalo ni "kifo cha huruma". Makala haya hayakusudii kuamua kama tendo lenyewe ni halali au haramu. Wanateolojia na wanasheria wanayo nafasi yao. Yanachochunguza ni historia ya maneno. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimejenga, muda mrefu kabla ya mjadala huu, utaratibu wake wa kumtaja mtenda katika kifo, na kwamba jina hilo jipya linamfuta mtenda huyo.

Neno la kuanzia ni ajali. Msemaji wa leo akilisikia hufikiria basi lililopinduka. Hata hivyo, neno hili limetokana na Kiarabu *ajal*, yaani muda uliowekwa, na katika mafundisho ya Kiislamu ajali ya kiumbe ni kikomo alichopangiwa na Mungu, kisichosogezwa mbele wala kurudishwa nyuma hata saa moja. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inaiweka ajali upande wa majaliwa na saa ya kufa. Methali ya "ajali haina kinga" imehifadhi hatua zote mbili za historia hiyo bila kubadilisha hata neno moja. Aliyeisema zamani alimaanisha kwamba saa iliyoandikwa haizuiliki. Anayeisema leo kituoni anamaanisha kwamba mambo mabaya hutokea ghafla bila mtu kuyapanga. Maana imegeuka karibu kinyume chake: kilichopangwa kabisa kimekuwa kisichopangwa kabisa. Barabara, mitambo na bima bila shaka vilichangia mgeuko huo, lakini nadhani kuna sababu ya ndani pia. Kifo cha ghafla ndicho kinachomlazimisha mfiwa kusema kwamba ilikuwa ajali ya marehemu. Kwa kurudiwarudiwa penye misiba ya namna hiyo, neno likaambatana na tukio badala ya hukumu iliyo nyuma yake. Kazi yake ya zamani imechukuliwa na maneno ya kawaida kama siku na saa: tunasema siku zake zilikuwa zimefika.

Mgeuko huo una uzito katika mjadala wetu. Pale ajali inapoeleweka kuwa kikomo kilichowekwa, swali la kumsaidia mtu kufa ni swali la kuingilia mpango wa mwingine. Pale inapoeleweka kuwa bahati mbaya tu, kifo hakina mwenyewe, na mtu anaweza kuuliza kwa nini asiwe yeye.

Lililobaki imara zaidi ni mfumo wa vitenzi. *Kufa* ni kitenzi kisicho na mtenda wa nje. Kauli yake ya kutendesha, *kufisha*, imo katika kamusi zote, lakini matumizi yake ni finyu kuliko maumbo mengine ya aina hiyo. Tunalisha, tunanywesha, tunalaza bila shida yoyote. Kufisha binadamu, hata hivyo, hatusemi kwa wepesi huo. Katika tafsiri za Kurani, ile ya Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969 na ile ya Ali Muhsin Barwani iliyoifuata, kufisha kunaambatana na kuhuisha, na mtenda wa vyote viwili ni Mwenyezi Mungu. Binadamu anapomwondolea mwenzake uhai, kitenzi ni kingine kabisa: kuua. Kwa hiyo lugha ya dini ya pwani ilitenga vitenzi viwili kwa watenda wawili, na mipaka haikuvukwa ovyo.

Wafasiri wa Biblia hawakufuata njia hiyo. Katika wimbo wa Hana, sura ya pili ya Samweli wa Kwanza, Kiebrania kinatumia kauli ya kutendesha ya kitenzi cha kufa, umbo linalolingana kabisa na kufisha. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inatumia kuua, na mtenda ni Bwana. Sioni kwamba hili ni kosa, kwa kuwa kuua kunasikika kwa nguvu inayoufaa wimbo huo. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji Mkristo amezoea kitenzi kimoja kinachotumika juu na chini, hali msomaji Mwislamu anavyo viwili. Wanapoketi kujadili mgonjwa mmoja katika wodi moja, hawaanzii mahali pamoja.

Biblia hiyohiyo ina kisa kinacholigusa suala letu moja kwa moja kuliko kingine chochote. Sauli, akiwa amejeruhiwa vitani, anamwomba mchukua silaha wake amchome upanga. Kijana anakataa kwa hofu, na mfalme anauangukia upanga wake mwenyewe. Sura inayofuata, ya kwanza katika Samweli wa Pili, Mwamaleki anamletea Daudi habari tofauti: kwamba Sauli alimwomba ammalize kwa sababu ya uchungu, naye akamkubalia. Daudi anaamuru Mwamaleki auawe. Tafsiri ya Muungano inaweka kitenzi cha kuua katika kinywa cha Sauli mwenyewe. Mgonjwa anaomba, sababu ni maumivu, hakuna tumaini la kupona, na bado tendo halipewi jina jingine.

Aya ya 29 ya sura ya nne ya Kurani inatupeleka mbali zaidi. Kiarabu chake kinakataza kuua "nafsi zenu", na wafasiri wa kale waliieleza kwa njia mbili: msijiue, au msiuane. Kiarabu kinaruhusu zote mbili zikae pamoja katika umbo moja. Kiswahili hakiruhusu. Mfasiri lazima achague kati ya kiambishi -ji- na kauli ya kutendana. Maana atakayoiacha ataiweka kwenye mabano au kwenye maelezo ya chini. Ugumu huu ambao kwa kawaida tungeuona kuwa wa kisarufi tu ndio hasa ugumu wa kusaidiwa kufa. Je, mgonjwa anayekunywa dawa aliyoandikiwa na daktari kwa kusudi hilo amejiua, au ameuawa? Sarufi yetu inadai jibu kabla sentensi haijakamilika. Tena aya hiyo inamalizia kwa kutaja rehema ya Mungu kwa waja wake. Rehema ndiyo iliyo nyuma ya katazo, na si nyuma ya ruhusa.

Hapo ndipo "kifo cha huruma" kinapoleta shida. Kiswahili humwita aliyekufa marehemu, yaani aliyerehemiwa, kutokana na mzizi uleule wa rehema. Huruma katika kifo, kwa lugha hii, huombwa baada ya kifo na kutoka kwa Mungu. Istilahi mpya inaihamishia kabla ya kifo na kumkabidhi binadamu, bila kumtaja binadamu huyo ni nani. Zaidi ya hayo, jina lenyewe lina historia ambayo wengi wanaolitumia hawaijui. Katika barua iliyotiwa tarehe 1 Septemba 1939, Hitler aliwaruhusu madaktari kuwapa wagonjwa wasioponyeka "kifo cha rehema"; hivyo ndivyo neno la Kijerumani, *Gnadentod*, linavyosema. Kufikia Agosti 1941, watu zaidi ya 70,000, wengi wao wagonjwa wa akili na walemavu, walikuwa wameuawa kwa gesi chini ya mpango huo. Hakuna aliyeomba. Askofu Clemens August von Galen alipohubiri dhidi ya mpango huo mjini Münster, tarehe 3 Agosti 1941, aliliita jambo hilo mauaji. Simaanishi kwamba Waholanzi wa leo ni sawa na Wanazi. Kulinganisha huko ni uvivu wa fikra. Na Waholanzi wenyewe walijihadhari: jina la sheria yao halina huruma ndani yake. Linataja matendo mawili kwa ukavu, kukatisha uhai kwa ombi na kutoa msaada katika kujiua, na kuyatenganisha.

Sheria za kwetu zimelitaja la pili tu, na kwa kulikataza. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwekea anayemsaidia mwingine kujiua adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Kifungu cha 225 hakikuguswa. Tanzania nayo inakataza msaada huo, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zake. Siku shauri la namna hii litakapofika mbele ya jaji wa Tanzania, istilahi itakayochaguliwa itakuwa sehemu ya hukumu.

Wagonjwa wetu wa zamani hawakutuachia maandishi mengi, ila mmoja aliacha. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa ameugua kwa mwaka mzima, na akafa miaka michache tu baadaye. Wahakiki wameusoma zaidi kama wosia wa mama kwa binti kuhusu ndoa, na ugomvi wa kijinsia juu yake umewafanya wausahau ugonjwa uliouzaa. Ukiusomea hapo, unaona mtu anayejua kwamba muda ni mfupi, anayeutumia kumfundisha mwanawe, kisha anaomba dua kwa ajili ya jamaa zake na kwa ajili ya kuondolewa maradhi. Haombi kufa. Si kwamba dini yake ilimfungia kabisa mlango huo: hadithi mashuhuri iliyopokewa na Anas inamkataza mwenye shida asitamani mauti, lakini inamruhusu, akishindwa kabisa, kumwomba Mungu amhuishe ikiwa uhai ni heri kwake na amfishe ikiwa kufa ni heri. Kitenzi cha mfasiri hapo ni kufisha, na anayeombwa si tabibu.

Kati ya kuomba na kuua kuna eneo pana ambalo dini zote mbili zimelitambua. Papa Pius XII alikubali mwaka 1957 kwamba mgonjwa anaweza kupewa dawa ya maumivu hata kama itafupisha maisha yake, mradi kusudi liwe kutuliza maumivu. Waraka wa maadili ya utabibu wa Kiislamu uliotolewa Kuwait mwaka 1981 unamzuia daktari kuchukua hatua ya kukatisha uhai, lakini haumlazimishi kurefusha mchakato wa kufa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Anne Merriman, ililigeuza eneo hilo kuwa kazi ya kila siku kwa mofini ya maji inayonyweka nyumbani, na kuanzia mwaka 2004 wauguzi wa Uganda waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kisheria kuiandika.

Huduma hiyo Tanzania inaitwa tiba shufaa. Wapo wanaodhani kwamba ni shifaa, uponyaji, iliyoharibika matamshi. Lakini shufaa ni neno kamili lenye maana yake: maombezi, kusimama kwa niaba ya mwingine mbele ya mwenye uwezo, kama Mtume anavyotarajiwa kuwaombea umma wake. Awe aliyelichagua alikusudia hivyo au hakukusudia, neno hili linamtaja mtenda, linaitaja kazi yake na linaonyesha mpaka wake, mambo ambayo "kifo cha huruma" hakifanyi. Kamusi zetu zinapaswa kuliingiza kwa maana hiyo ya kitabibu. Kuhusu yale matendo mengine mawili, ninapendekeza "kuua kwa ombi la mgonjwa" na "kumsaidia mgonjwa kujiua". Hayapendezi masikioni, na mtunga sera anayetaka kuyahalalisha atayalalamikia. Lakini hata yeye, kama Waholanzi, ataweza kuyatetea huku kila msikilizaji akijua ni nani aliyefanya nini.