Protini za mwendo katika hamira ya pombe

Protini za mwendo ni molekuli zinazotumia nishati ya ATP kutembea juu ya nyuzi za ndani ya seli, zikivuta, zikisukuma au zikibeba mizigo. Kazi yao katika mgawanyiko wa seli imechunguzwa sana kwenye Schizosaccharomyces pombe, hamira aliyoitenga Paul Lindner nchini Ujerumani mwaka 1893 kutoka pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki.

Pombe ya mtama bado hupikwa Shinyanga, hata katika vijiji vya Kahama vilivyo jirani na uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mtama hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, kisha husagwa kuwa kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira zinazokula sukari hiyo hutoa kileo na gesi inayoinua povu. Hamira ya mkate, ambayo ndiyo imezagaa zaidi katika pombe za kienyeji, huzaana kwa kuchipua. S. pombe ina umbo la fimbo: hurefuka hadi takriban mikromita 14, kisha hukatika katikati.

Kiini chake hakivunjiki wakati wa kugawanyika, hivyo kromosomu hutenganishwa humo humo ndani. Protini ya mwendo ya aina ya kinesini, iitwayo Cut7, iliyoelezwa na Iain Hagan na Mitsuhiro Yanagida mwaka 1990, hushika mikrotubuli, yaani nyuzi za ndani ya seli, zitokazo pande mbili za spindo, muundo unaotenganisha kromosomu, na kuzisukuma ziachane. Ikikosekana, ncha za spindo hazitengani na seli hufa. Kinesini nyingine, Pkl1, huvuta kinyume chake. Ajabu kubwa ni kwamba seli iliyonyimwa zote mbili kwa pamoja huweza kuishi. Kinachoua, basi, ni nguvu ya upande mmoja kubaki bila mpinzani. Klp5 na Klp6 husaidia kupanga kromosomu katikati, na baadaye Klp9 hurefusha spindo.

Miosini, aina nyingine ya protini za mwendo, huja mwishoni. Miosini iitwayo Myo2 na nyuzi za aktini huunda pete kiunoni mwa seli, nayo hujikaza kama kamba ya mdomo wa gunia huku ukuta mpya ukijengwa nyuma yake. Vimeng'enya huyeyusha tabaka la kati la ukuta huo, na seli mbili huachana.

Binadamu ana ndugu wa Cut7, kinesini Eg5, na dawa za kuizuia zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.