Ujumi na Umbo la Shairi: Ushahidi wa Pwani ya Kusini ya Kenya

Ujumi ni tawi la falsafa linalochunguza uzuri na sanaa. Mwanafalsafa Baumgarten aliupa jina huko Ujerumani mwaka 1735, na mwaka 1790 Kant akashikilia kwamba hukumu ya uzuri haitokani na faida wala na kanuni iliyotangulia. Washairi wa Ufaransa walioacha mizani katika miaka ya 1880, na Mallarmé aliyetawanya maneno ukurasani mwaka 1897, walitunga wakati ambapo shairi lilikuwa limekwisha kuwa kitu cha kusomwa kimya.

Mzozo wa mashairi huru ya Kiswahili, yaani yasiyofuata vina na mizani, huelezwa mara nyingi kama vita baina ya mila na Ulaya hiyo. Mshairi Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za utunzi wa vina na mizani kitabuni mwaka 1954. Mshairi Euphrase Kezilahabi akaziacha katika diwani yake *Kichomi* (1974), na tasnifu yake ya 1985 ikajadiliana na mwanafalsafa Heidegger. Maelezo hayo hayatoshi, na Kwale, katika pwani ya kusini ya Kenya, yatosha kuwa shahidi. Waswahili wa Vanga na Wasini ni warithi wa ushairi wa vina, lakini majirani zao Wadigo, toka Msambweni hadi Diani, huimba nyimbo za sengenya na za kayamba bila kutegemea vina. Kayamba ni bapa la matete lililotiwa mbegu ndani. Mpigaji hulitikisa kwa mikono miwili, na mchakacho wake ndio unaomwambia mwimbaji aingie wapi na kiitikio kipokee wapi. Pasipo vina, wimbo bado una sheria, na sheria hiyo wala haikutoka Paris.

Wapo watakaosema kwamba huo ni wimbo, si shairi, kwa kuwa umebebwa na ala. Lakini shairi la vina nalo limezoea kughaniwa kwa mahadhi, na mizani kumi na sita ya kila mshororo wake hupimwa kwa sikio kabla ya kuhesabiwa kwa kidole. Hoja nzito zaidi ni kwamba mshairi huru hana kayamba. Ni kweli, na hapo ndipo anapopaswa kubanwa: takriri, kituo na taswira zifanye kazi ambayo ala ingeifanya. Kumhukumu kwa kukosa vina pekee ni kuzifuta nyimbo za Wadigo katika historia ya ushairi wa pwani. Kumsifu kwa kuvunja vina pekee ni kosa lilelile.