Nadharia ya muziki humfaaje mtunzi wa nyimbo?

Wengi hudhani kwamba kutunga wimbo ni kipawa tu, na kwamba anayejifunza nadharia ya muziki hujipotezea wakati. Historia ya wimbo wa taifa la Kenya yaonyesha vingine.

Mahadhi yake yalitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, wakazi wa kandokando ya Mto Tana. Aliyeyatoa ni Mzee Meza Moroa Galana. Mwaka wa 1963, wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walikabidhiwa kazi ya kuyageuza yawe wimbo wa taifa zima.

Msingi wa kazi hiyo ni skeli. Ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti haina vipandio vilivyo sawa: kutoka mi hadi fa, na ti hadi do ya juu, ni nusu hatua, kwingine ni hatua kamili. Wimbo ukiifanya do kuwa makao yake, aghalabu husikika mchangamfu. Ukituama kwenye la, nusu hatua hizo hubadili nafasi, na wimbo huwa na utulivu wenye chembe ya majonzi. Wimbo wa Kenya ni wa aina hii ya pili, ilhali nyimbo nyingi za mataifa ni za aina ya kwanza, za shangwe na gwaride.

Maneno ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Hapa mahadhi yalitangulia, nazo beti tatu za Kiswahili na tatu za Kiingereza zikalazimika kuingia humo humo. Katika kila kipimo, pigo la kwanza ndilo lenye nguvu. Kiswahili nacho, kwa kawaida, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi asiyejali hilo huweza kuimbisha maana asiyoikusudia. Neno "barabara" likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Likikazwa kwenye ya pili ni "sawasawa". Kinga yake ni rahisi, ingawa wengi huidharau: ubeti usomwe kwa sauti huku mapigo yakihesabiwa kwa makofi, kabla haujaimbwa.

Sauti za alto, tena na besi hufuata baadaye. Mama anayembembeleza mtoto huimba peke yake, kwa kimo kinachomfaa. Wimbo wa umati hupimwa usipande wala kushuka mno, wazee na watoto wa shule wauimbe pamoja.