Usimguse

Radi ilipiga mkaratusi ulio nyuma ya jiko letu saa kumi jioni. Nilikuwa nimerudi ocha, Kisii, baada ya kuacha kampasi, na sikuwa na kazi ila kukaa. Mvua ilipoanza, Mama alifunika kioo kwa leso na kuniambia nivue tisheti nyekundu, maana huku kwetu husemwa radi hupenda rangi hiyo. Nilicheka. Kisha pakawa na mwanga mweupe na mlio uliotingisha hadi meno.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Nilipofika alikuwa chini, hapumui. Nikanyoosha mkono. Jirani mmoja aliyekuwa amejikinga mvua kwetu akapiga kelele, "Usimguse! Bado ana stima!"

Nikaurudisha mkono. Kitendo hicho ndicho kilichonifanya nianze kusoma historia ya radi, na kila nilipofungua ukurasa nilimkuta jirani.

Mwaka 1752, Marly nchini Ufaransa, jaribio alilolipendekeza Benjamin Franklin lilionyesha kwamba radi ni umeme. Kinga yake ikawa rahisi: fimbo ya chuma juu ya paa, na waya wa kuupeleka umeme ardhini. Mwaka 1780, katika mji wa Saint-Omer, bwana mmoja aitwaye de Vissery akaiweka juu ya nyumba yake. Majirani wakashtuka. Waliona anaiita radi ije mtaani kwao, wakamshtaki, naye akaamriwa aitoe. Kesi ilienda rufaa Arras, na mwaka 1783 wakili kijana wa miaka 25 akaishinda. Jina lake Maximilien Robespierre, yuleyule ambaye baadaye Mapinduzi yalimpa mamlaka, kisha yakamkata kichwa.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Saint-Omer. Lakini hofu isiyo na maelezo hutafuta mtu wa kulaumiwa, na aliye karibu zaidi ni jirani. Sisi wa Kisii tunalijua hilo. Mei 2008, wazee 11 hapa kwetu, wengi wao wanawake, walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa uchawi. Radi haikuhusika siku hiyo. Hofu ndiyo ileile.

Wakati huohuo radi yenyewe haijatuacha. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa sana duniani. Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Uganda, radi moja iliua watoto 18 wakiwa darasani. Hawakukosa waombezi, walikosa fimbo na waya. Teknolojia iliyobishaniwa Arras mwaka 1783 ilikuwa bado haijafika kwenye paa lao.

Na stima ambayo jirani yetu aliiogopa? Haipo. Radi hupita mwilini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mwili hauiweki. Inachoacha nyuma ni moyo uliosimama, au pumzi iliyokatika. Mara nyingi moyo huweza kuanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na mtu hufa kwa kukosa hewa huku watu wamemzunguka, wanaogopa kumshika.

Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile aliyeyajua ni mama anayeuza mandazi ng'ambo ya barabara, ambaye pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja mbio kwenye matope, kiatu kimoja mguuni. "Wewe, mshike kichwa! Hana stima yoyote!" Akambonyeza kifua, akampulizia hewa, akarudia. Sijui ilichukua dakika ngapi. Mdogo wangu alikohoa, akaanza kulia kama mtoto mchanga.

Kijana mwingine alileta probox bila kuuliza nani atalipa mafuta. Na yule jamaa aliyepiga kelele "usimguse" ndiye aliyeibeba miguu ya mdogo wangu hadi kwenye gari, akamkalisha mapajani mwake safari nzima hadi hospitali.

Leo mdogo wangu hasikii vizuri sikio la kushoto. Mkaratusi umebaki kisiki cheusi. Mvua ikianza, Mama bado hufunika kioo, nami simkatazi. Ila sasa tunaketi ndani, mbali na mlango, na kila mtu nyumbani anajua kubonyeza kifua. Jirani mwenye mandazi alitufundisha, pamoja na yule jamaa.