Uzito wa Mshale na Uzito wa Pembe

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu huku Maskati, habari za Malindi huanza kwa pembe za ndovu: zilipimwa frasila ngapi, na jahazi lipi lilizipakia. Frasila moja ilikuwa kama kilo 16, na marehemu babu yangu aliijua mizani yake kama alivyowajua wanawe. Lakini uko uzito mmoja ambao haukuingia daftarini mwake, nao ni uzito wa mshale.

Mshale huo ulikuwa wa Waata, ambao wazee wetu waliwaita Waliangulu, wawindaji wa nyika iliyo nyuma ya Malindi. Uta wao ulikuwa mgumu mno. Wengi walivuta uzito unaopita kilo 45. Uta wa namna hiyo haupatani na mshale mwepesi. Mshale mwepesi hutoka kwa kasi, lakini hupoteza msukumo wake upesi ukikutana na kizuizi, na nguvu usiyoweza kuibeba hubaki ikiutikisa na kuuharibu uta wenyewe. Mshale mzito huenda polepole na hushuka mapema. Hata hivyo, hubaki na msukumo wa kupenya ngozi ya ndovu, ambayo mahali pengine hufikia unene wa sentimita 2.5. Mwata aliuchagua mzito, na gharama yake akailipa kwa miguu: ilimbidi amnyatie mnyama hadi hatua chache tu. Chembe ilipakwa sumu ya mti, isimamishayo moyo, ikafungwa ngozi isikauke. Tena ilitiwa alama ya mwenyewe, ili ndovu akiangukia mbali ajulikane ni wa nani.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Katika msako wa miaka ya 1956 na 1957, Waata wengi walikamatwa na kufungwa. Babu yangu, aliyenunua pembe, alifariki kitandani mwake, akatuachia nyumba. Simhukumu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasema tu kwamba katika nasaba tunayoiandika, mali imetajwa na walioitafuta hawakutajwa.

Basi, ndugu zangu, mwenye daftari la mzee wake na alifungue. Akiona jina la Mwata hata mmoja, au alama ya mshale wake, aninakilie, nami nitaliweka pamoja na majina yetu.