Ziwa Tanganyika, 1916: makombora matatu yaliyobaki na swali la umbali

KALEMIE, jimbo la Tanganyika – Mtu akisimama kando ya ziwa hapa Kalemie, akaona mashua iliyo mbali, akaulizwa iko mita ngapi, atajibu bila kusita. Jirani yake naye atajibu, na majibu yao hayatalingana. Kwenye nchi kavu jicho linasaidiwa na miti, nyumba na watu wanaopita njiani. Juu ya maji hakuna kitu cha kulinganisha. Isitoshe, hewa yenye joto tofauti juu ya ziwa hupinda mwanga, hata mashua ikaonekana kama imeinuliwa kidogo angani.

Siku hizi kuna chombo kidogo kinachoingia mfukoni ambacho hujibu swali hilo kwa kubonyeza kidude kimoja. Ni kipima umbali cha leza. Cha bei ya chini kinapatikana kwa dola 100 hivi, na vile vya hali ya juu hupita dola 1000. Wanaovinunua duniani ni wawindaji, walenga shabaha, wacheza gofu na watu wa kazi za misitu. Kabla ya kuuliza kipi ni kizuri na cha bei nafuu, inafaa kukumbuka vita vilivyopiganwa katika ziwa hili wakati chombo cha namna hiyo hakijavumbuliwa.

Vita vya tarehe 9 Februari

Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu ziwani. Tarehe 22 Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tangu hapo askari wa Kijerumani waliweza kuvuka ziwa na kupiga upande wa Kongo karibu kama walivyotaka.

Waingereza walituma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga, kisha zikavutwa porini na juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya wenyeji waliokata miti na kujenga madaraja. Kutoka Sankisia zilichukuliwa kwa treni hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, na mwisho zikafika kwa treni Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Ilikuwa Oktoba 1915. Mkuu wa msafara huo aliitwa Geoffrey Spicer-Simson.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, kwa mapigano ya dakika chache. Ilitengenezwa, ikapewa jina jipya la Fifi, na mbele yake ukafungwa mzinga wa kurusha kombora la kilo tano na nusu hivi.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaonekana Hedwig von Wissmann, ikiongozwa na kapteni Job Odebrecht. Spicer-Simson alitoka akiwa ndani ya Fifi, pamoja na Mimi iliyoongozwa na afisa Wainwright. Hedwig ikageuka kukimbia. Fifi ilipiga na kukosa, ikapiga tena na kukosa. Mimi, iliyokuwa na mwendo zaidi, ilipita mbele na kufungua moto kutoka umbali wa mita 2700 hivi. Nayo ikakosa.

Muda ulikwenda namna hiyo mpaka Fifi ikabaki na makombora matatu tu ya mzinga wake mkubwa. Kama hayo yangekwisha bure, meli ya Wajerumani ingeweza kugeuka na kuwapiga kwa mizinga yake. Hapo Mimi ikasogea karibu na Fifi, na Wainwright akamwambia mkubwa wake jambo moja: makombora yako yanapita juu, yanaanguka ng'ambo ya meli.

Wapiga mzinga wakarekebisha. Kombora lililofuata likapiga mwili wa Hedwig na maji yakaanza kuingia. La pili likafika kwenye chumba cha injini, likapasua boila na kuua mabaharia waliokuwa humo, Waafrika na Wajerumani. Odebrecht akaamuru watu waiache meli, nayo ikazama.

Mzinga haukubadilishwa, wala wapigaji hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni kile walichojua juu ya umbali. Aliye nyuma ya mzinga huona maji yakiruka kwenye mstari uleule wa shabaha, na ni vigumu kwake kujua kama yameruka mbele au nyuma yake. Mtu aliyekuwa mahali pengine ndiye aliyeona vizuri.

Bomba lenye madirisha mawili

Vyombo vya kupimia umbali vilikuwapo wakati huo, lakini vilikuwa mali ya majeshi makubwa. Mwaka 1888 walimu wawili wa chuo cha Leeds huko Uingereza, Archibald Barr wa uhandisi na William Stroud wa fizikia, waliona tangazo la jeshi lililotafuta chombo cha kupimia umbali kwa ajili ya askari wa miguu. Chombo chao hakikuchukuliwa na jeshi la nchi kavu mara hiyo, lakini miaka michache baadaye jeshi la majini lilikipokea, na jina Barr & Stroud likajulikana katika meli za nchi nyingi.

Chombo hicho kilikuwa bomba refu lenye dirisha kila upande. Mpimaji alichungulia katikati, akaona picha mbili za kitu kimoja, akazungusha gurudumu mpaka picha zikutane. Pembe iliyohitajika kuzikutanisha ndiyo iliyotoa umbali. Ni hesabu ya pembetatu, ileile ya wapima ardhi.

Ugumu wake ni kwamba kosa halikui sawasawa na umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, kosa huongezeka mara nne. Dawa yake ilikuwa kurefusha bomba, hata mabomba ya meli za vita yakafika mita 2.7 na zaidi. Hata hivyo makosa hayakwisha. Miezi mitatu na nusu baada ya mapigano ya Tanganyika, tarehe 31 Mei 1916, katika vita vya Jutland kwenye Bahari ya Kaskazini, meli za Waingereza za mstari wa mbele zilikadiria umbali kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Makombora yao ya kwanza yakapita juu ya Wajerumani, kama yale ya Fifi.

Mwanga unaokwenda na kurudi

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, mhandisi Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia kipande cha rubi. Muda mfupi baadaye watu wakaanza kupima umbali kwa saa badala ya pembe. Chombo kinatuma mwale mfupi sana wa mwanga, mwale unagonga kitu, sehemu ndogo inarudi, na chombo kinahesabu muda uliotumika. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300 000 kwa sekunde. Ule umbali wa mita 2700 ambao Mimi ilifungulia moto, mwanga ungeukwenda na kurudi kwa sehemu 18 za milioni za sekunde.

Mwanzoni vyombo hivyo vilikuwa vizito na ghali, vikafungwa kwenye vifaru. Lakini mwaka 1962 ilipatikana leza ndogo inayotengenezwa kwa vipande vya aina ileile inayotumika katika redio na simu, na bei ikaanza kushuka taratibu. Kufikia miaka ya 1990 kipima umbali kilikuwa kimeingia madukani kwa raia wa kawaida.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Hapo ndipo mnunuzi wa leo anapodanganyika. Kwenye boksi imeandikwa «mita 1000», naye anafikiri kila kitu kilicho ndani ya mita 1000 kitapimika. Kwa kawaida namba hiyo ni ya kitu kinachorudisha mwanga vizuri sana, kama kibao cha barabarani. Mti hurudisha mwanga kidogo, na ngozi ya mnyama kidogo zaidi, hivyo umbali halisi mara nyingi huwa nusu ya ule ulioandikwa au chini yake. Jua kali la mchana huupunguza tena. Ukungu na mvua huweza kurudisha mwale kabla haujafika, na chombo kikaonyesha umbali wa ukungu.

Mwezini mambo ni yaleyale. Tangu Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipoacha huko kibao chenye vioo maalumu, wanasayansi wamekuwa wakipima umbali wa mwezi, kilomita 384 000 hivi, kwa leza. Vile vioo ndivyo vinavyorahisisha kazi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si «kinafika mita ngapi?» bali «kinafika mita ngapi kwenye kitu ninachotaka kupima?»

Jambo la pili ni upana wa mwale. Mwale hupanuka kadiri unavyokwenda. Ukiwa na upana wa mita mbili pale penye shabaha, unaweza kugonga majani yaliyo mbele yake au kilima kilicho nyuma. Chombo kizuri cha bei nafuu kina namna ya kuchagua kitu cha karibu au cha mbali. La tatu ni mkono kutulia: mtu akitetemeka, chombo cha dola 1000 nacho hupima kichaka kisichohusika. Kuegemeza kwenye jiwe au kijiti hakugharimu kitu.

La nne linahusu nchi ya milima kama ya Mitumba. Risasi hushuka kufuatana na umbali wa chini, si ule wa mteremko. Mita 400 zinazopimwa kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni mita 346 tu za usawa. Vyombo vingi vya leo hufanya hesabu hiyo vyenyewe, na mtu anayelenga milimani asiache kuitafuta. Kwa risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia, kosa la mita 50 kwenye umbali wa mita 900 linatosha kuikosesha shabaha kwa karibu mita moja. Mnyama anayejeruhiwa na kutoroka hutokana na kosa la namna hiyo.

Njia rahisi ya kujaribu ni kupima kwanza kwa kamba mita 100 za barabara, kisha kwa chombo, asubuhi na saa sita mchana, kwenye ukuta na kwenye mti.

Mizinga ya miti

Historia ya ziwa hili ina sehemu moja zaidi. Mwezi Juni 1916 mashua za Spicer-Simson zilifika mbele ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kusini-magharibi mwa Tanzania. Waliona ngome yenye mizinga. Spicer-Simson hakutaka kuhatarisha mashua zake, akaondoka, na askari wa Kijerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa majahazi. Baadaye akaambiwa kwamba mizinga ile ilikuwa miti iliyochongwa.

Kipima umbali cha leo kingemwambia bila kukosea ngome ile iko mita ngapi. Kisingemwambia kwamba mizinga ni miti, kwa sababu mwanga unaorudi hauelezi umegonga nini. Katika jimbo ambalo wakaaji wake wameona vita vingi tangu Fifi, hilo si jambo dogo. Mtu anayelenga kutoka mbali anaweza kuwa na namba sahihi kabisa huku akimkosea kabisa aliye upande wa pili.

Bei ikishuka, swali la mita ngapi linajibiwa na mtu yeyote mwenye dola 100. Swali la nini kiko pale bado linahitaji darubini nzuri, subira, na mtu mwingine wa pembeni anayeweza kusema, kama Wainwright, kwamba umekosea.